Bwana Zwingel Anasubiri Laini

Kuna watu huzaliwa wakilia. Bwana Hartmut Zwingel, nina hakika, alizaliwa akilalamika, tena kwa maandishi, na mkunga akapewa nakala.

Maisha yake yote ya kazi alikuwa mkaguzi wa lifti. Alizunguka mji mzima wa Magdeburg, hapa Ujerumani, akipanda na kushuka, akigonga vyuma, akisikiliza nyaya, akifunga lifti za watu kwa sababu ya kitufe kimoja kilicholegea. Alipostaafu akahamia kwenye jengo letu, la ghorofa nne lisilo na lifti. Mtu akimwuliza kwa nini, hujibu kwamba yeye anajua kilichomo ndani ya lifti, ninyi wengine hamjui. Mke alishamwacha siku nyingi. Watoto hana. Marafiki, kama walikuwepo, labda walikwama katikati ya ghorofa mahali fulani.

Mimi ni Irmela Tiedge, na mlango wangu unatazamana na wake, ghorofa ya pili. Nimekata watu nywele miaka mingi, na ukishika kichwa cha mtu mkononi utaambiwa yote. Lakini Zwingel hakuwahi kunipa kichwa chake. Nywele anajikata mwenyewe, na inaonekana.

Kilichomsumbua kuliko vyote ni watu kujua habari zake. Akisikia hodi ya mtu asiyeahidiana naye, huzima redio na kukaa kimya kama panya. Mwaka jana akaandikia kampuni inayosimamia jengo letu kwamba kuweka majina ya wapangaji kwenye kengele na masanduku ya barua ni kuanika siri za watu barabarani, na kwamba sheria iko upande wake. Kobe akiinama, anatunga sheria. Kampuni ikaogopa mahakama. Asubuhi moja tukaamka, majina yote yameng'olewa, na mahali pake pana namba ndogo za plastiki: moja, mbili, tatu, mpaka nane.

Sasa tatizo. Barua kwetu hufuata jina. Anwani ni mtaa, namba ya jengo, na jina lako, basi. Fleti hazijawahi kuwa na namba. Aliyeko Bonn au Kiel akikuandikia hajui kama wewe ni Namba Sita. Wewe mwenyewe hukujua mpaka jana. Basi barua zikaanza kurudi zilikotoka zikiwa na muhuri: mpokeaji hajulikani. Mimi, niliyeishi pale tangu mtaa haujawekwa lami, sijulikani!

Utasema, si mngebandika vikaratasi vyenye majina? Tulibandika. Bwana Krumm, mtunza jengo, akapita na kisu chake butu akavikwangua vyote, kwa sababu kuna kanuni: marufuku kubandika karatasi isiyo rasmi popote kwenye jengo. Na kanuni hiyo ilitokana na barua ya nani? Ya Zwingel, miaka mitatu nyuma, alipochukizwa na mwandiko wa Bi Hoang wa ghorofa ya kwanza.

"Huyu mzee," alisema Bi Hoang, ambaye ana duka la maua karibu na stesheni, "akifa nitampelekea shada lisilo na jina. Nitaandika Namba Saba."

Tukaacha kusalimiana naye. Hakujali. Nadhani hakutambua.

Kisha, mwezi wa Juni, saa ya kifungua kinywa, kengele yangu ikalia. Nikafungua. Zwingel alikuwa amesimama pale, magoti yana matope, mkono mmoja umelowa mpaka begani.

"Bi Tiedge, apa."

"Niape nini tena?"

"Apa kwanza kwamba hutamwambia mtu."

Nikaapa, maana umbea ambao hujausikia bado unauma kuliko kiapo. Akaingia, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akasema ana kobe.

Anaitwa Mathilde. Alipewa na shangazi yake siku alipoanza shule, wakati yeye mwenyewe hajafika urefu wa meza. Tangu hapo wamekuwa pamoja: kupitia nyumba ya wazazi, kupitia ndoa, kupitia talaka. Wakati wa baridi Mathilde hulala usingizi wa miezi ndani ya friji, kwenye droo ya mboga, kama inavyopasa kobe alale. Majira ya joto, kila alfajiri, Zwingel humtia kwenye mfuko wa sokoni, humshusha uani, humwacha ale majani nusu saa, kisha humpandisha kabla mtu hajaamka. Miaka yote hiyo nilidhani ananunua mikate.

"Hakuna mwingine," alisema, akitazama sakafu, "aliyenijua nikiwa mtoto. Wote wamekwisha. Amebaki yeye."

Siku hiyo uani aliona baiskeli imefungwa kwenye bomba la gesi. Akasimama kutunga malalamiko kichwani. Alipomaliza aya ya pili, Mathilde hakuwepo. Msicheke, kobe akiamua kwenda, anakwenda. Zwingel akatambaa vichakani, akachungulia nyuma ya pipa la maji ya mvua, na simu ikamtoka mfuko wa shati ikatumbukia ndani ya pipa. Simu ikafa, na laini ikafa nayo.

"Simu nitakupa," nikamwambia. "Ninayo ya zamani."

"Simu si kitu. Ni namba! Amebeba namba yangu mgongoni. Niliiandika kwa rangi ya kucha."

Ndipo nikajua chupa yangu nyekundu niliyoisahau uani ilikwenda wapi.

"Namba tu? Jina je?"

Akanitazama kana kwamba nimemvua shati. "Jina la nini? Kila mtu aone?"

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi: kobe yuko mahali fulani duniani, na yeyote atakayemwokota atapiga namba iliyoandikwa mgongoni, na namba hiyo haipatikani. Mpaka laini irudi, Mathilde ni yatima.

Nikamwambia tubandike tangazo mtaani. Akakataa. Karatasi isiyo rasmi, alisema, na akitangaza kwamba ana kobe, kesho wezi wa kobe watapanga foleni. Nikamwambia basi tuwaulize majirani. Akanikumbusha kiapo. Nilitamani kumpiga na taulo.

Tukapiga simu kwa kampuni yake ya laini kwa simu yangu. Ni kampuni rahisi isiyo na duka hata moja. Kila kitu kwao huja kwa posta. Binti mmoja akapokea, sauti tamu.

"Hakuna shida, Bwana Zwingel. Namba yako inabaki ileile. Tunakutumia laini mpya, unakabidhiwa mkononi ukionyesha kitambulisho. Tafadhali hakikisha tu jina lako linaonekana vizuri kwenye anwani."

Binti akauliza kama bado yupo.

"Yupo," nikasema mimi. "Anasoma barua zake za zamani."

Alikaa siku kadhaa dirishani akisubiri. Laini ikaja, ikaondoka. Tulijua kwa sababu binti mwenye sauti tamu alituambia imerudi kwao, imepigwa muhuri, na kwamba wataituma tena. Kesho yake Zwingel akamvizia Dilek, mleta barua wetu, chini mlangoni. Nikamfuata, nisikose mapigano.

"Unanijua au hunijui?" alimfokea.

Dilek akaegemeza baiskeli yake ya njano ukutani, taratibu. "Nakujua, mzee. Nakujua mpaka soksi zako. Lakini hii mashine," akainua kile kidude anachobofya, "inaniuliza: jina la mpokeaji linaonekana kwenye anwani, ndiyo au hapana? Nikibofya ndiyo na halionekani, mkaguzi akipita, mimi sina kazi. Wewe si ulikuwa mkaguzi? Haya niambie. Nidanganye?"

Nilimwonea Zwingel huruma, na nilifurahi pia, siwezi kuficha. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Lakini nilimfikiria Mathilde na ile namba mgongoni. Nikamwuliza Dilek, "Hiyo mashine imesema jina lionekane wapi?"

"Kwenye anwani."

"Imesema ukutani?"

Dilek akabofya, akasoma, akabofya tena. "Haijasema ukutani."

"Mtu akisimama hapa mlangoni, yupo kwenye anwani au hayupo?"

Dilek alicheka mpaka akashika baiskeli. "Yupo, mama. Yupo kabisa."

Zwingel alielewa kabla sijamaliza, akageuka kupanda ngazi. "Haiwezekani. Mimi? Barabarani? Na jina?"

"Basi Mathilde akae hukohuko aliko," nikasema.

Akasimama kwenye ngazi ya tatu, kanipa mgongo.

Kesho yake, kabla ya saa za posta, Hartmut Zwingel alisimama mbele ya jengo letu na kipande cha boksi shingoni, kimetundikwa kwa kamba ya viatu. ZWINGEL. Alipiga mistari kwa rula kwanza, herufi zote zikawa sawa kama meno ya bandia. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

Bi Hoang alipotoka kwenda dukani alisimama akasoma mara mbili. "Jamani! Kumbe ana jina!"

"Nasubiri laini ya simu," alisema Zwingel akitazama mbele kama askari.

"Na mimi nasubiri barua ya hospitali tangu Pasaka," alijibu Bi Hoang. Nikaona wazo likimwingia. Akarudi ndani, akatoka na kifuniko cha boksi la maua kimeandikwa HOANG kwa ule mwandiko wake mbaya, akajipanga kushoto kwa Zwingel. Dilek alipofika, akabofya ndiyo, akampa bahasha nne.

Habari hiyo ilipanda ngazi haraka kuliko lifti yoyote. Siku iliyofuata tulikuwa saba. Lüdecke wa juu kabisa alivaa boksi la piza, bado lina mafuta. Mimi niliandika langu kwa rangi ya kucha. Zwingel alitupanga kwa alfabeti, akamkemea Lüdecke kwa kupindisha foleni, na watu wakamtii, kwa sababu ukweli ni kwamba foleni ya alfabeti inakwenda haraka. Madereva waliopita walitupigia honi wakidhani tumegoma. Bibi mmoja alituletea biskuti, akasema anatuunga mkono, kwa lolote lile.

Siku moja akaja afisa wa manispaa, kijana mwenye koti jipya.

"Mkusanyiko huu una kibali?"

"Huu si mkusanyiko," alisema Zwingel.

"Ni nini basi?"

"Haya ni masanduku ya barua."

Afisa akatutazama mmoja mmoja, akisoma vifua. Nilidhani atapiga simu. Badala yake akaniuliza kwa upole kama tunakula vizuri, akaenda zake.

Asiyekuja kwenye foleni ni mmoja tu, yule mpangaji mpya wa chini. Alihamia baada ya majina kung'olewa, kwa hiyo kwetu alikuwa Namba Mbili na si kingine. Kila asubuhi alirudi kupitia mlango wa uani na baiskeli yake, akafunga mapazia, akalala. Hatukumwona hata sura.

Siku zikaenda na laini haikuja. Mchana nilikuwa nakwenda kwa Zwingel kunywa kahawa, maana sasa alikuwa na mtu mmoja anayejua siri yake, na siri humchosha mtu. Kwenye friji droo ya mboga ilikuwa wazi na tupu. Alikuwa akiifungua na kuifunga. Mara moja, katikati ya kahawa, mlango wake ukagongwa. Mkono wake ukaruka kwenye redio, ukaizima. Akaweka kidole mdomoni. Nami nikabaki kimya na keki shavuni, sijui kwa nini; ujinga huambukiza. Akagonga tena, huyo mtu, akangoja, akashuka zake.

"Sikuahidiana na mtu," alinong'ona Zwingel.

Asubuhi nyingine, tulipokuwa tukishuka kwenda foleni, tulimkuta Krumm kwenye mlango wa uani anakwangua karatasi kwa kisu chake. Zwingel akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ilikuwa furaha yake ya kwanza wiki ile. Hata hakuisoma.

Kisha ikafika. Tulikuwa tumejipanga, mvua kidogo inanyunyiza, Lüdecke analalamika boksi linaloa, na Dilek akashuka kwenye baiskeli ameshika bahasha juu kama kombe.

"Zwingel, Hartmut!"

"Nipo."

"Jina linaonekana?"

"Linaonekana!" tukaitikia sote.

Akatoa kitambulisho, Dilek akalinganisha picha na uso, uso na kifua, akabofya. Watu wakapiga makofi. Hawakujua wanashangilia nini, walijua tu mzee amepata laini yake. Tukaingia naye ukumbini, sote na maboksi yetu. Laini yenyewe ni kidude kisichotosha hata kuziba jino, Zwingel akaivuta, haikubanduka kwenye kadi yake. Bi Hoang akamnyang'anya, akaitoa kwa ukucha, akaipachika kwenye ile simu yangu ya zamani. Simu ikawaka. Ikatafuta mtandao. Tulisimama tumeinamia kioo kama watu wanaotazama mtoto mchanga.

Ikalia.

Zwingel karibu aiangushe. Akaipokea, na kwa vile hasikii vizuri kwa sikio la kulia, akaiweka sauti ya juu.

"Haloo? Hatimaye!" alisema mtu, sauti ya usingizi. "Bwana, napiga namba hii kila siku kabla sijalala. Una kobe wewe?"

"Nina kobe," alisema Zwingel. Alisema mbele ya watu wote.

"Yuko kwangu, mzima. Ananimalizia saladi."

Lakini kulikuwa na jambo la ajabu na sauti ile. Tuliisikia mara mbili. Mara ya kwanza ilitoka mlangoni, ule wa kushoto, ulioandikwa namba mbili. Kisha ikaja kwenye simu, imechelewa kidogo.

"Uko wapi?" aliuliza Zwingel.

"Niko wapi?" ukasema mlango. "Niko wapi," ikasema simu. "Niko nyumbani."

Bi Hoang akaenda akaugonga ule mlango kwa ngumi. Ukafunguliwa. Kijana mpana, kaptula ya kulalia, unga bado kwenye nyusi, simu sikioni. Nyuma yake, katikati ya sebule isiyo na kitu, Mathilde alikuwa amesimama juu ya jani la saladi, ile namba nyekundu mgongoni, anatafuna.

Kijana akatutazama, watu saba wenye maboksi vifuani. Akaendelea kuongea kwenye simu, masikini. "Bwana, subiri kidogo, kuna watu hapa."

Zwingel alipiga magoti pale pale kizingitini. Mathilde akanyoosha shingo, akamwangalia, akarudi kwenye saladi. Zwingel akalia, waziwazi, boksi lake limepinda, na hakuna aliyemcheka, hata Lüdecke.

"Nilimkuta chini ya baiskeli yangu, usiku nikienda kazini," kijana alieleza. Anaitwa Marek Sobotta, mwokaji mikate. "Nikapiga, hupatikani. Nikabandika karatasi mlango wa uani, ikatolewa. Nikaandika nyingine, ikatolewa. Nikasema nigonge mlango mmoja mmoja." Akasoma kifua cha Zwingel. "Wewe unakaa ngapi?"

"Saba."

"Saba." Akafikiri. "Saba niligonga. Redio ilikuwa inalia, kisha ikazimwa. Nikajua hawataki watu."

Zwingel alimkumbatia kobe, akainamisha kichwa. Mimi nilitazama ukuta, nikakumbuka ile keki.

Jioni hiyo tulikunywa kahawa kwake, mimi na yeye, na Mathilde chini ya meza. Boksi lake alikuwa amelibandika nje ya mlango, herufi zote saba zilizopigiwa rula. Redio ilikuwa inalia. Hodi ikagongwa.

Mkono wake ukaenda kwenye redio. Niliuona. Ukafika kwenye kitufe, ukasimama, ukarudi mapajani. Akainuka akaenda kufungua.

Alikuwa Krumm, na kisu chake. "Bwana Zwingel, hii karatasi si rasmi. Unajua kanuni."

"Naijua. Kwangua, nitaandika nyingine kesho." Akausukuma mlango wazi mpaka mwisho. "Lakini ingia kwanza. Angalia unapokanyaga, kuna kobe."